Uyoga unaoua chai: wameusoma vinasaba, mimi nafaidika nini?

MkulimaKericho:
Hamjambo. Huu ni mwaka wa tatu mashina ya chai yananifia karibu na kisiki cha mgrevilea alioukata marehemu baba. Yalianza mawili, sasa kumi na saba, yote yamekizunguka kisiki. Majani yanageuka manjano, yanakauka yakiwa bado tawini, na shina linapasuka wima pale chini karibu na udongo. Juzi nilibandua gome la mzizi: utando mweupe kama ngozi ya ngoma, unanuka uyoga kabisa. Binti yangu anasoma baiolojia, anasema ni Armillaria, kuvu anayeozesha mizizi, na eti wanasayansi wameshasoma vinasaba vyake vyote. Nikamuuliza, na dawa wameipata? Akacheka. Nyinyi mnasemaje?

Hadubini:
Shikamoo mzee. Binti hakukosea. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Pretoria kilitoa rasimu ya jenomu, yaani vinasaba vyote kwa pamoja, ya Armillaria fuscipes, spishi ya huku kwetu Afrika: herufi za vinasaba kama milioni 53. Mwaka uliofuata zikatoka jenomu nyingine nne, za Armillaria wa Ulaya na Marekani, ndefu kuliko za kuvu wengi wa jamii yake. Ndani yake kumejaa jeni za kumeng'enya ukuta wa mmea, hasa pektini, ile gundi inayoshikanisha seli. Kwa hiyo anaua mzizi kwanza, kisha anabaki kuula ule ule uliokufa, miaka na miaka. Kisiki cha baba ni ghala lake.

Dawa, hapana. Faida ni kumtambua. Huku kwetu ni nadra kuuona uyoga wenyewe juu ya ardhi, basi unachukua kipande cha ule utando, vinasaba vinakutajia jina.

MstaafuLimuru:
Jina halichumi chai. Sisi zamani mti haukukatwa hivi hivi. Unachuna gome pande zote kuzunguka shina, unauacha ufe wima, mwaka au zaidi. Mizizi inamaliza wanga wake, kuvu akija anakuta sahani tupu. Aliyelithibitisha hilo kwenye chai ni mtafiti Leach, kule Nyasaland (Malawi ya leo) miaka ya 1930. Hakuwa na jenomu yoyote.

Wewe umeshachelewa, ng'oa kisiki na mizizi yote, choma. Na usiishie kwenye mashina yaliyokufa, ng'oa na mstari unaofuata hata kama ni mzima machoni.

Hadubini:
Hapo mstaafu kanishinda. Niongeze tu: kule Oregon, Marekani, Armillaria mmoja ametanda zaidi ya hekta 900, ana nyuzi nene kama kamba za viatu zinazopita udongoni. Wa kwetu mara nyingi hazitoi, husubiri mizizi igusane. Ndiyo maana ule mstari unaofuata lazima uende.

MkulimaKericho:
Mstari huo ndio unaonilipia karo. Jana nimechimba shina moja tu, majani yake kijani kibichi. Gome nililibandua kwa kisu: utando uko.

Jumamosi naleta vijana wenye sururu.