Mrejesho: Kula vibichi tupu, nimeishia siku ya 19

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama niache kabisa kupika, nile vibichi tupu. Nilifika siku ya 19. Wiki ya kwanza raha: maembe na matango ya soko la Buguruni, mtungi wa gesi hauguswi. Ya pili tumbo likajaa gesi (ile nyingine), njaa haikatiki, nikahamia muhogo mbichi wa barabarani, chumvi na pilipili kwa wingi. Aliyenionya kuhusu sianidi, sumu ya kwenye muhogo mbichi, asante. Ule muhogo mchungu ndio mbaya zaidi. Maharage mabichi sikuthubutu. Daktari naye kasema matunda na mboga havina vitamini B12. Sasa asubuhi papai, mchana wali maharage na kachumbari. Mke wangu bado ananicheka.