Mahame ya makauboi kwa matofali ya kuchezea: nifanye nini ili mtaa huu utishe?

MjengoMdogo:
Assalaam aleikum waungwana. Naomba ushauri kuhusu mtaa wa makauboi ninaoujenga kwa matofali ya Lego juu ya vitako viwili (vipande vipana vya chini vinavyobeba majengo) vya vinundu 48 kwa 48 (vinundu ni vile vidude vya juu vinavyoshikanisha matofali), ambao utaonyeshwa katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale. Nia yangu ni kuonyesha mji wa machimbo wa Magharibi ya Marekani miaka mingi baada ya wenyewe kuuhama: pana baa, benki, ofisi ya sherifu, duka, zizi la farasi na makaburi kilimani.

Nimekwisha kuweka mifupa, mizuka mitatu, popo na utando wa buibui, lakini kila anayeutazama husema kwamba unapendeza, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba unatisha. Majengo yamesimama wima, rangi zake ni safi, na mizuka inaonekana kama wateja waliokuja dukani kununua sukari. Ningependa kujua kitisho cha mahame ya namna hii hutoka wapi hasa, na kinajengwa vipi kwa vipande vya kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya matofali yangu ni ya mitumba na vipande vya nadra havipatikani kirahisi hapa Mombasa.

MpenziWaMagofu:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa maoni yangu tatizo haliko kwenye mizuka, bali kwenye mji wenyewe, ambao bado haujaeleza kwa nini watu waliondoka. Miji ile haikuhamwa kwa sababu ya majini. Ilihamwa kwa sababu dhahabu au fedha ilikwisha ardhini, au bei yake ilianguka, na mtu anayehama kwa mkokoteni wa farasi, akiwa na jangwa au milima mbele yake, hawezi kubeba kila alichonacho.

Chukua Bodie, huko California. Dhahabu iligunduliwa hapo mwaka 1859, mji ukafurika watu mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha ukaanza kupungua, na mioto ya mwaka 1892 na 1932 ikateketeza sehemu kubwa ya majengo. Tangu mwaka 1962 mabaki yake ni hifadhi ya jimbo, na wahifadhi hawazikarabati nyumba hizo zikawa mpya. Huzizuia tu zisianguke. Ndani yake bado mna vitanda, meza, na makopo yaliyopangwa kwenye rafu za duka. Ipo imani kwamba anayeokota kitu Bodie akaondoka nacho huandamwa na mkosi, na wahifadhi wamekuwa wakipokea kwa posta vitu vidogo vilivyorudishwa pamoja na barua za kuomba radhi. Mimi naona simulizi hiyo ina kitisho kuliko mifupa yote uliyoiweka, kwa sababu inamfanya mtu aogope msumari.

Sisi wa pwani tunalielewa jambo hili. Aliyewahi kutembea katika magofu ya Gedi jua likiwa linaelekea kuzama, au Jumba la Mtwana kule Mtwapa, anajua kwamba kinachomsisimua mtu ni kisima, kizingiti cha mlango na mihrabu iliyobaki bila waumini. Basi ifanye baa yako ionekane kwamba watu walitoka mara moja na hawakurudi: meza iwe na vikombe na karata, kiti kimoja kiwe kimeanguka, kofia iwe bado imetundikwa, na asiwepo mtu. Mizuka miwili iondoe kabisa.

Nina neno moja pia kuhusu mimea, ingawa hukuuliza. Ikiwa umepanda dungusi kakati wale warefu wenye mikono, basi mji wako uko Arizona, kwa kuwa mmea huo ni wa Jangwa la Sonora, linaloanzia huko na kuingia Meksiko. Ukiupanda mjini kama Bodie, ulio mlimani kwenye kimo cha mita 2,500 hivi na unaofunikwa na theluji wakati wa baridi, mtazamaji anayejua hataamini tena chochote kilichobaki. Vile vichaka vikavu vinavyobingirishwa na upepo vinafaa zaidi, na vina historia yake: mbegu zake ziliingia Marekani katika miaka ya 1870 zikiwa zimechanganyika na mbegu za kitani kutoka Urusi, kwa hiyo mtaa unaoigiza miaka ya 1850 haupaswi kuwa navyo.

VinunduNaBamba:
Naungana na ndugu MpenziWaMagofu kuhusu vitu vilivyoachwa, lakini hata meza iliyotelekezwa haitatisha ndani ya nyumba iliyonyooka. Nitazungumzia kuta.

Majengo mengi ya biashara katika miji ile yalikuwa na uso wa mbele uliopandishwa kwa mbao hadi kuficha paa lililo nyuma yake, ili kibanda kidogo kionekane jengo kubwa. Ujenge uso huo kama kipande cha peke yake, uunganishe na nyumba kwa bawaba mbili chini, kisha uuache uegemee mbele kidogo, ukizuiwa kwa mhimili mmoja unaoonekana. Mtazamaji akisimama mbele ya benki atahisi kwamba ukuta unamwangukia, na akizunguka ubavuni ataona kwamba nyuma ya uso ule wa fahari palikuwa na chumba kimoja tu.

Kuhusu kuinamisha nyumba nzima, hesabu yake si ngumu. Kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kimo cha tofali ni milimita 9.6, na kimo cha bamba, yaani kipande chembamba chenye vinundu, ni milimita 3.2, maana yake bamba tatu ni tofali moja. Nyumba yenye upana wa vinundu 12 ni milimita 96, na ukiinua upande mmoja kwa bamba moja itainama chini ya digrii 2, jambo ambalo jicho hulihisi kabla akili haijalitambua. Ukiinua kwa tofali zima, mwinamo unakaribia digrii 6, na hapo kila mtu ataona. Mimi ningeipa benki digrii 6, baa digrii 2, na ofisi ya sherifu ningeiacha wima kabisa, kwa sababu mtaa ambao kila kitu kimepinda huonekana wa katuni. Nyumba inayoinama isibanwe kwenye vinundu vya kitako. Iwekwe juu ya vigae laini, yaani vipande bapa visivyo na vinundu, na ukingo wa chini ushikwe na bawaba moja.

Mbao za ukutani zitengeneze kwa vigae laini virefu vilivyobandikwa kwenye matofali yenye vinundu ubavuni. Kumbuka kwamba bamba tano zilizopangwa moja juu ya nyingine zina kimo cha milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili, na kwa kipimo hicho kazi ya ubavuni itakaa bila mwanya. Changanya kijivu, kahawia na rangi ya mchanga bila mpangilio, lakini kijivu kitawale, kwa kuwa mbao isiyopakwa rangi ikipigwa na jua miaka mingi huwa ya kijivu. Hapo mitumba yako ni neema: matofali meupe yaliyogeuka manjano kwa jua, ambayo wengine huyatupa, ndiyo rangi hasa ya chokaa kuukuu. Ruka ubao mmoja hapa na mwingine pale, na nyuma ya pengo weka tofali jeusi.

Mizuka miwili nakubali iondoke, lakini huyo wa tatu asiondoke, kwani watoto watakaokuja ukumbini wanahitaji kitu cha kutafuta.

KibatariChaBibi:
Kaka MjengoMdogo, hujasema lolote kuhusu mwanga, na mimi naamini kwamba nusu ya kazi iko hapo. Taa za ukumbi humulika kutoka juu na kufuta vivuli vyote, hivyo hata mji uliojengwa vizuri hubaki umewekwa mezani tu. Tafuta boksi kubwa la karatasi ngumu, lipake rangi nyeusi ndani, liufunike mtaa mzima, kisha ukate mwanya mrefu mbele, usawa wa milango ya nyumba zako. Mtu akichungulia hapo hatautazama mji kutoka angani. Atakuwa amesimama barabarani, na majengo yatakuwa marefu kuliko yeye.

Ndani ya boksi weka taa moja tu. Taa ndogo ya LED huwaka vizuri kwa betri bapa ya volti 3, na ukiifunika kwa kipande cha chungwa kinachopitisha mwanga itaonekana kama kandili. Iweke ghorofani juu ya baa, nyuma ya dirisha moja, na madirisha mengine yote yawe giza, kwa maana taa inayowaka mahali ambapo watu wamekwisha kuhama inauliza swali ambalo hakuna awezaye kulijibu. Jambo la kuangalia ni kwamba matofali ya rangi nyepesi hupitisha mwanga, na ukuta mzima unaweza kung'aa vibaya; ndani ya chumba hicho jenga ukuta wa pili wa matofali meusi.

Mzuka wako nao utumie gizani humo. Tangu kisanamu cha mzuka kilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1990, shuka lake limekuwa la plastiki inayohifadhi mwanga na kuutoa gizani. Ukiwa na wa aina hiyo, umulike kwa tochi kali kabla ya wageni kuingia, na urudie kila mng'ao unapofifia. Usiku betri zitoe, kwa sababu hewa yetu ya chumvi huzila nyaya na viunganishi haraka.

MjengoMdogo:
Shukrani nyingi, ndugu zangu na dada yangu. Nimekwisha kuondoa dungusi kakati wote, nimeanza kuunda ukuta wa mbele wa benki, na karata zipo mezani. Jambo moja linanitia wasiwasi: mimi naishi Likoni, na mtaa huu lazima uvuke kwa feri hadi Mji wa Kale. Ikiwa nyumba hazikubanwa kwenye vinundu, zitafikaje salama?

VinunduNaBamba:
Zisivuke zikiwa mahali pake. Kila kitako cha vinundu 48 kina upana wa sentimita 38.4, kwa hiyo kila kimoja kitaingia katika boksi lake chenye barabara, makaburi na zizi, yaani vitu vilivyobanwa. Baa, benki na ofisi ya sherifu zitoe nzima nzima, uzifunge kila moja kwa leso iliyokunjwa, na vitu vya mezani utie katika kikopo chenye kifuniko, baada ya kupiga picha ya mpangilio wake. Alama ya mahali pa kila nyumba iwe rangi ya vigae chini yake, ili usipoteze muda kupima ukumbini.

Kwenye feri usisimame penye msongamano wa wanaowahi kushuka. Ngoja watu wapungue, kisha uchukue tuktuk badala ya bodaboda. Benki ipakie mwisho ili itoke kwanza, kwa kuwa mwinamo wake ndio utakaohitaji muda mrefu zaidi kutegwa, na mhimili wa uso wake beba wa akiba.