Naomba ushauri: kundi la maswali ya udadisi linanishinda

Wakuu habari zenu. Nina kundi la WhatsApp la kujadili maswali ya udadisi tu. Lililonoga kuliko yote lilikuwa la Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba aliyeona mwaka 1963 mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia friza ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopozwa. Makala yake na mwanafizikia Denis Osborne ilitoka 1969, na wanasayansi wanabishana hadi leo. Basi watu wakajaza maji kwenye friza zao, wakaleta majibu yanayopingana. Raha tupu!

Sasa zimeingia siasa na matangazo ya mikopo. Nikifuta, naitwa dikteta. Wenye uzoefu, mnaweka sheria kali au mnapunguza watu? Na wanaosoma kimyakimya bila kuchangia, niwaache?