Mtoto ana uoni hafifu, shule inasema haina fungu lake. Hela ya serikali inapitia wapi?

MjombaWake:
Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie maana nimezunguka mpaka nimechoka. Nakaa na mtoto wa dada yangu huku mkoa wa Tanga, yuko darasa la nne, ana uoni hafifu tangu mdogo. Anaona, ila mpaka kitu kiwe karibu sana. Akiandika anainama mpaka pua inagusa daftari, jioni akirudi ncha ya pua ina wino wa bluu, mama yangu ndo humfuta na upindo wa kanga kabla hata hajamuuliza habari za shule. Ubaoni haoni kitu, anasubiri mwenzie wa dawati moja amalize afu anakopi kwake, siku mwenzie akiumwa basi anarudi na tarehe tu.

Nlienda kwa mwalimu mkuu, alinipokea vizuri, ila akaniambia shule yake ni ya kawaida, fungu la watoto wenye ulemavu hana, nimtafutie shule maalum. Halmashauri nimeenda mara mbili, ya kwanza mhusika yuko semina, ya pili nikaambiwa niandike barua, nimeandika, mwezi wa pili huu kimya. Ninachojua elimu ni bila malipo toka 2016 na nasikia serikali ina hela ya ziada kwa watoto kama hawa. Ipo kweli? Na ni lazima aende bweni? Ana miaka kumi, mtoto wa kike, bibi yake hataki hata kusikia. Mwaka huu ana mtihani wa taifa wa darasa la nne na mi naona anaenda kufelishwa na macho, akili anayo.

Kisiki_73:
Pole sana mkuu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii ulizia ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu, kila halmashauri inatenga kwenye mapato yake ya ndani, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Hiyo hela ipo kisheria.

Mwl_Kitengo:
Kisiki umesema kwa nia njema ila hapo utampoteza mwenzako. Ile asilimia 2 ni mkopo wa shughuli za kiuchumi, hauna riba lakini unarudishwa, haimhusu mtoto wa darasa la nne kabisa.

Mjomba, mi nafundisha kitengo cha wasioona ndani ya shule ya kawaida, ngoja nikueleze inavyokwenda. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, hapo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inaingia akaunti ya shule, kwa ajili ya chaki, ukarabati, mitihani na kila kitu. Kwa hiyo mwalimu mkuu anaposema hana fungu hakudanganyi. Hela ya watoto wenye ulemavu kwa sehemu kubwa inakuja kwa njia mbili nyingine. Kuna ya chakula kwa shule na vitengo vyenye bweni, inahesabiwa kwa kichwa kwa siku, na kuna vifaa ambavyo wizara inanunua yenyewe na kugawa, mashine za nukta nundu (yale maandishi ya kupapasa ya wasioona), karatasi zake, shime sikio za wasiosikia vizuri, vitabu vya maandishi makubwa ambavyo Taasisi ya Elimu inachapa. Hivyo vyote vinagawiwa kufuata takwimu, shule ilisema ina watoto wangapi wenye ulemavu gani.

Sasa nikuulize, huyo binti amewahi kupimwa na kuandikwa? Nina hakika hajaandikwa. Kwenye makaratasi ya shule yake huyo ni mtoto anayeona. Hakuna kitabu cha maandishi makubwa kitakachokuja kwa ajili yake maana juu hawajui kama yupo, na hili ndo linaniuma kuliko yote kwenye kazi hii, watoto wa namna yake wamejaa kwenye madarasa yetu wanaitwa wazito, wavivu, wakati hakuna aliyewapima macho hata siku moja.

Fanya hivi. Usianze na barua, anza hospitali. Kwa vile uko Tanga nenda Bombo kitengo cha macho, wakiona inahitaji zaidi watakupa rufaa, KCMC Moshi au CCBRT Dar wana wataalamu wa uoni hafifu, wakati mwingine mtoto anapewa miwani au lenzi ya kukuzia maandishi na maisha yanabadilika hapohapo. Omba ripoti ya maandishi, toa kopi tatu. Moja ya mwalimu mkuu amwandike kwenye takwimu kama mwenye uoni hafifu, nyingine peleka kwa Afisa Elimu Maalum wa halmashauri, mtafute kwa cheo chake usiulize tu ofisi ya elimu, ya tatu kaa nayo. Na mwalimu mkuu ahakikishe NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanajua mapema, kuna karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza, hisabati dakika 20 kwa kila saa na masomo mengine dakika 10 kwa kila saa. Hiyo ni haki yake lakini asiposajiliwa hivyo siku ya mtihani ataletewa karatasi ya kawaida na hakuna msimamizi atakayeweza kumsaidia.

MamaPacha:
Mwalimu Mungu akubariki. Mi wangu ni kiziwi, yuko bweni mkoa mwingine toka darasa la kwanza. Nikwambie ukweli kaka, ada silipi, chakula serikali inatoa, wakati tunaanza walituambia ni 1,500 kwa siku kwa mtoto, hapo asubuhi mchana na jioni, wewe mwenyewe piga hesabu na bei za maharage. Godoro, sabuni, nauli za likizo ni juu yangu, na mi nauza vitumbua, kuna likizo nimeshindwa nauli kabaki shule na matron, nililia wiki nzima.

Lakini sijutii. Likizo ya kwanza alivyorudi alikuwa anaongea kwa mikono haraka haraka na mimi mama yake simwelewi, akanishika kidole akanifundisha chai, maji, nimeshiba. Miaka saba tulikuwa tunavutana nguo tu. Kiziwi anahitaji wenzie wa lugha moja, kwa hiyo kwangu bweni ilikuwa lazima. Wako anasikia, anaongea, anaona kidogo, mi ningekuwa wewe nisingekimbilia kumtoa kwa bibi yake.

Mwl_Kitengo:
Mama Pacha uko sahihi kabisa. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wenyewe unataka mtoto asome shule ya jirani inapowezekana. Angekuwa haoni kabisa ningesema nenda kwenye kitengo, maana nukta nundu inataka mwalimu wake na mashine, ile ina vitufe sita vya nukta, mtoto anajifunza vidole vitatu kila mkono, huwezi kumfundisha mwenyewe nyumbani. Kwa uoni hafifu mengi yanawezekana hapo hapo. Akae mbele dirisha likiwa ubavuni au nyuma yake, mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni, fundi seremala amtengenezee kibao cha mteremko cha kuweka juu ya dawati, daftari limfuate yeye badala ya yeye kulifuata. Hilo litamwokoa shingo na hiyo pua.

Mzito_wa_Zamani:
Mjomba shkamoo. Mi nina uoni hafifu, nipo chuo mwaka wa pili. Niliitwa mzito mpaka darasa la sita, mwalimu mmoja wa mazoezi ndo alishtuka. Ile ripoti ya hospitali itunze sana, mi nilivyoomba mkopo Bodi ya Mikopo ulemavu ni kigezo cha kupewa kipaumbele ila unatakiwa uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa, wenzangu waliokuwa na faili toka utotoni hawakusumbuka, mimi nilianza upya nikakimbizana na mihuri wiki tatu.

MjombaWake:
Marhaba mwanangu. Wakuu nimesoma yote, nimemsomea na mama. Jumatatu nampeleka Bombo, nimeshamwambia mwalimu mkuu kwa simu, na yeye kasema kwa kweli hakujua kuhusu muda wa nyongeza, ripoti ikitoka nimletee siku hiyohiyo. Seremala nimempa vipimo vya dawati. Swali dogo mwalimu, nasikia kuna madaftari ya mistari mizito kwa watoto kama huyu, nayapata wapi?

Mwl_Kitengo:
Usihangaike kuyatafuta, chukua daftari la kawaida na maka peni nyeusi, piga mistari kwa rula, ruka mmoja mmoja. Tumia upande mmoja wa karatasi tu, wino unapenya. Akirudi kutoka hospitali tuambie wamesemaje.