Aliyetengeneza jedwali la miale ya gama lenye "100" kila mstari, Mungu anakuona

Wakuu, leo nina povu, mtanivumilia.

Niko Mtwara, Shangani. Nimerudi kutoka Dar na begi la nguo chafu na flashi yenye spektra 14 (rekodi za miale ya gama iliyonaswa na mashine) za mchanga na udongo: Msimbati, Mikindani, Naliendele na kwingineko. Ni kazi ya shahada ya pili, nauli yangu, foleni ya mashine ya watu nimepanga mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa hesabu. Mashine inakuambia imenasa miale mingapi ya nishati fulani. Unagawa kwa ufanisi wa kigunduzi, kwa muda, kwa uzito wa sampuli, halafu kwa ile asilimia, yaani viini 100 vya atomu vikimeguka ni vingapi vinatoa mwale huo. Hiyo ya mwisho hupimi, unaitoa kwenye jedwali. Na hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia.

Jedwali nilipewa na jamaa mmoja wa maabara hiyo hiyo. Alinirushia faili kwa WhatsApp, nikamtoa elfu kumi ya soda. Kurasa tatu, safu tatu: isotopu (aina ya atomu), nishati ya mwale (kwa kipimo cha keV), asilimia. Mwaka hakuna, chanzo hakuna, kichwa cha jedwali kimekatwa. Potasiamu 40, keV 1460.8, asilimia 100. Sesiamu 137, keV 661.7, asilimia 100. Bismuthi 214, keV 609.3, asilimia 100. Na mimi mtu mzima nikaangalia 100, 100, 100, nikaona sawa tu.

Wiki tatu nimepiga hesabu, sampuli moja moja.

Kilichonizindua ni chumvi. Nilikuwa nimepimisha na kloridi ya potasiamu, kopo moja, kwa ajili ya kuhakiki. Gramu moja ya potasiamu ya asili inajulikana dunia nzima: bekereli 31 hivi, yaani viini 31 vinameguka kila sekunde. Yangu ikaja 3 na pointi. Nikarudia. 3 na pointi. Nikadhani ni uzito, nikadhani ni ufanisi, nikamlaumu hata aliyenifungia kopo. Saa nane usiku ndiyo nikagawa 31 kwa 3.3, nikakaa chini.

Kumbe ni hivi. Mwale wa 1460.8 hautoki kwenye potasiamu yenyewe. Potasiamu 40 zikimeguka 100, karibu 89 zinakwenda kalsiamu bila kutoa gama yoyote. Kama 10.7 tu ndizo zinazoishia kwenye agoni 40 ikiwa imesisimka, yaani imebeba nishati ya ziada, na ni kiini hicho cha agoni kinachotema gama kikishuka ngazi. Sasa kuna majedwali ya ngazi za nishati za viini, ambapo kwa kila ngazi mwale wenye nguvu kuliko wenzake huandikwa 100, na mingine inalinganishwa na huo. Ngazi ile ya agoni ina njia moja tu ya kushuka, kwa hiyo 100. Ni sahihi kabisa huko iliko! Huyu bwana akaichota, akaipachika jina la potasiamu, akaandika juu yake "asilimia".

Wa huku kusini wataelewa haraka. Ni sawa na mtu akutajie bei ya kilo ya korosho bila kusema ghafi au iliyobanguliwa. Namba haina kosa. Wewe ndiye unayefilisika.

Sesiamu nayo hivyo hivyo. 661.7 ni ya bariamu 137 iliyosisimka, na kwa kila sesiamu 100 zinazomeguka unapata gama 85 hivi, kwa sababu nyingine zinakwenda ngazi ya chini moja kwa moja, na nyingine nishati yake inaondoka na elektroni. Bismuthi 214 ndiyo balaa: ile 609.3 ni 45 na ushee kwa mia. Mwale huo ndio tunaokadiria nao radiamu, kwa hiyo ukiweka 100, radiamu yako imepungua zaidi ya nusu. Thoriamu hata sitaki kuanza. Thaliamu 208, tunayokadiria nayo thoriamu, kwenye 2614.5 kweli inakaribia 100, lakini ni kama 36 tu kati ya bismuthi 212 mia zinazopitia thaliamu, na jedwali limenyamaza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kosa lote linaelekea upande mmoja. Ukigawa kwa 100 pale ulipotakiwa kugawa kwa 10.7, udongo unaonekana msafi kuliko ulivyo. Yaani watu wanaandikiwa ripoti ya shamba lao au ufukwe wao kwa namba hizi, na hakuna atakayeshtuka, maana jibu linapendeza.

Nikampigia. Jibu lake: "Wenzako wote wanatumia hilo hilo na wamemaliza." Wakuu, hiyo ni habari njema au ni msiba?

Na vitu vyenyewe ni bure. NuDat ya Brookhaven kule Marekani, unaingia sehemu ya mionzi ya mmeguko, unaandika isotopu mzazi, unapewa asilimia halisi. LiveChart ya shirika la atomiki la Vienna, bure. Wana hata programu ya simu, Isotope Browser, ukishaipakua haidai bando. Elfu kumi yangu ilikwenda kununua nini?

Aliye na faili la kurasa tatu lisilo na kichwa, fungua sasa hivi uangalie mstari wa potasiamu. Ukikuta 100, usilitume kwa mtu mwingine.

Nyongeza, saa mbili usiku: nimempigia tena nimwombe awajulishe aliowagawia. Inaita tu.