Triga ya raifo dola 180, ya kawaida dola 50. Naibiwa au?

Mgosi wa Muheza
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Niko Tanga, shamba liko upande wa Muheza. Nina raifo ya risasi za .30-06, ya kukoki kwa mkono, niliachiwa na marehemu baba, na leseni ilishahamishiwa kwangu kihalali, kwa hiyo tusianze na hilo.

Shida ni triga. Ngumu! Ukiivuta unasikia inakwaruza, kama unaburuta kiti kwenye sakafu yenye mchanga, na kidole kinaanza kutetemeka kabla haijaachia. Msimu uliopita nilimkosa ngiri kwa hatua sitini, aibu mpaka leo vijana wananicheka.

Shemeji yangu yuko Marekani, nikamwomba aniulizie bei. Triga ya kawaida kama iliyomo, dola 50. Ile ya kampuni nyingine inayotengeneza triga peke yake, dola 180, inakaribia laki tano zetu. Kitu chenyewe kinaenea kwenye kiganja! Vyuma viwili vitatu na springi. Hela yote hiyo inakwenda wapi?

Fundi Korona
Mgosi, nimekereza vyuma kwenye viwanda vya mkonge mpaka macho yakachoka, ngoja nikueleze. Bunduki ikishakokiwa, springi ya pini ya kupigia inasukuma kwa nguvu ya kilo kumi na kuzidi. Nguvu yote hiyo inazuiwa na ukingo wa chuma ulioegemea ukingo mwingine, na pale vinaposhikana ni kama nusu milimita, mara nyingi pungufu. Unapovuta triga unauteleza ukingo mmoja mpaka uchomoke. Basi, kazi yote iko hapo.

Kingo zikiwa na mikwaruzo, unasikia huo mchanga wako. Kiwanda kinaficha ubovu kwa namna mbili: kinaongeza mshikano na kinakaza springi. Ni salama, lakini ngumu. Anayetaka kutengeneza triga laini hana pa kuficha. Akipunguza mshikano wakati kingo si nyoofu, bunduki itajifyatua ukiiangusha. Kwa hiyo anatumia chuma kigumu, anakikata kwa waya wa umeme badala ya kisu cha kawaida, anasugua, kisha anapima moja moja. Vingi vya viwandani siku hizi ni unga wa chuma uliochanganywa na plastiki, ukamiminwa kwenye kalibu na kuchomwa. Unasinyaa ukiungua. Kwa bawaba hakuna neno, ila kwa nusu milimita, mh.

Mama Ushonaji Chumbageni
Bunduki siijui wala siitaki, nimevutwa na hesabu. Sare za shule mia tano nazikata kwa mrundo, mkasi unapita mara moja. Gauni la bibi harusi nalikata peke yake, napima mara tatu, na likiharibika hasara yangu. Mwenye kiwanda cha bunduki ni mtu wa sare. Tena gharama ya triga yake kaimeza kwenye bei ya bunduki nzima, huioni. Huyo mwingine anauza triga tu, hana pa kuimeza.

Sina Presha
Mama umeua 😂 Ongeza kesi. Marekani triga za kiwandani huwekwa nzito, kilo mbili na nusu, tatu na zaidi, kwa kuogopa mahakama. Wenyewe wanaziita triga za wanasheria. Kampuni kubwa zenyewe zimeungua: Remington mwaka 2014 waliita zirudishwe kiwandani bunduki zao za Model 700 na Model Seven zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu gundi iliyozidi ndani ya triga ingeweza kuzifanya zijifyatue. Sasa mtengenezaji mdogo anayekuuzia triga ya kilo moja na nusu, bima yake unailipia wewe.

Mzee wa Pangani
Mwaka 1914 Waingereza waliletwa hapa Tanga kupigana na Wajerumani, wana bunduki nzuri tu, wakakimbizwa na nyuki.

Sina Presha
Mzee, nyuki waliuma pande zote.

Mzee wa Pangani
Lakini waliopanda meli kuondoka ni akina nani? Haya, turudi. Mwanangu, kwenye kichaka chenye nyati sitaki triga laini. Moyo unapiga, mikono ina jasho, kidole kinagusa tu, mlio! Laini ni ya kulenga karatasi umelala kifudifudi. Na hiyo yako ilikaa wapi tangu baba afariki?

Mwanasheria wa Kijiweni
Kabla shemeji hajalipa: usipachike kitu cha silaha kwenye begi la nguo ukadhani ni kava la simu. Tuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na haina utani. Nenda kwanza polisi walikokupa leseni, uliza kwa maandishi.

Mgosi wa Muheza
Mzee wa Pangani shikamoo. Ilikaa miaka minne kabatini, chumba cha kuelekea baharini.

Nimeipeleka kwa fundi silaha mwenye kibali. Kaifungua mbele yangu: mafuta ya zamani yameganda rangi ya chai ya rangi, yameshika vumbi, na kutu kidogo kwenye pini. Kaosha, kasugua kutu, katia mafuta mepesi tone moja. Kingo hakuzigusa, nilimwomba apunguze ugumu akakataa katakata. Tulipima kabla na baada, bunduki ikiwa tupu, kwa mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki: kutoka kilo 3.8 hadi 2.7. Na ule mchanga umekwisha.

Elfu thelathini. Shemeji nimemwambia asinunue kwanza. Ngiri bado yuko, jana kala muhogo mistari miwili.