Ati LSD imetiwa sumu ya panya? Tuwaambie vijana ukweli ama tuendelee kuwatisha?

Ndugu zangu naileta hii tuijadili bila matusi. Kila zikizungumzwa dawa za kulevya hapa Mombasa, iwe kwa mikutano ya uhamasisho ama maskani tu, nasikia maneno mawili. Wazee na waelimishaji wasema zile karatasi za LSD (dawa ya kumfanya mtu aone visivyokuwepo, hutiwa kwa vikaratasi vya kulamba) zinazouzwa kwa pati za bichi zimetiwa sumu ya panya, ndo maana mtu akila misuli inamkaza na meno yanasagana. Vijana nao wajibu ah, hiyo ni ya wengine, yangu ni pyua, yaani safi, namjua anayeniletea. Mie naona wote wamepotea, ila huyu wa pili kapotea vibaya zaidi.

Tuanze na sumu ya panya manake hiyo ni hesabu tu. Panadol moja ni miligramu 500. LSD yapanda kichwani kwa maikrogramu (elfu moja ndo miligramu moja), mia hivi zatosha, yaani uzito wa dawa ndani ya panadol moja ungetoa dozi elfu tano. Sasa strikinini, hiyo sumu yenyewe inayosemwa, kumuua mtu mzima yataka makumi ya miligramu, na kile kikaratasi hakifiki hata ukubwa wa ukucha, mzigo huo ataubandika wapi? Halafu ni chungu ajabu, ulimi ungejua mapema. Na muuzaji apata faida gani, karatasi haziuzwi kwa kilo kwamba aongeze kitu uzito upande. Ile misuli kukaza ni LSD yenyewe inafanya hivo, hata iwe safi vipi. Basi ukimwambia kijana ni sumu ya panya, akatafuta kwa simu dakika mbili akaona si kweli, kesho hata ukimwambia la maana hakuskizi tena.

Lakini nyinyi wa pyua nanyi, usafi ushamuokoa nani? San Francisco mwaka 1967 kulikuwa na jamaa, Owsley Stanley, sifa yake yote ilikuwa LSD safi. Zikatoka kwake tembe za kitu kingine, DOM, mtaani wakaiita STP. Hakuna aliyechanganya uchafu humo. Shida ni kwamba kila tembe ilikuwa na miligramu 20, nyingi mno, na dawa hiyo yachelewa kupanda, watu wakakaa hawaoni kitu wakaongeza ya pili, ilipopanda ikapanda yote pamoja wakaanza kukimbizwa hospitali, na haiishi kwa saa mbili tatu, mtu aweza kukaa humo siku nzima.

Na siku hizi kuna kubadilishiwa kabisa. Kuna kitu chaitwa NBOMe, kilitengenezwa Berlin 2003 kwa ajili ya utafiti wa ubongo, kuanzia 2010 hivi kikaanza kuuzwa kwa mtandao, na kwa kuwa nacho kina nguvu kwa kiasi kidogo sana chaingia kwa karatasi ileile, picha ileile. Hicho kimeua watu: moyo kwenda mbio, joto la mwili kupanda, degedege. Umoja wa Mataifa ukakiweka kwa orodha ya vilivyokatazwa 2015. Huyo unayemjua wewe hapo Nyali hana maabara, naye kaambiwa tu na aliyemuuzia. Na picha ya karatasi yeyote mwenye printa atoa.

Haya, karibuni.

MAMA WA KISAUNI: Mwanangu nimesoma yote. Lakini huku kwetu watoto wanaisha kwa unga wa heroini na muguka, yale majani ya kutafuna, wewe watuletea karatasi za watalii. 2014 serikali ililipua meli ya Al Noor baharini na mamia ya kilo za heroini ndani, unga uliisha? 2024 gavana kapiga marufuku muguka, korti ikasimamisha. Sisi twataka vitu viondoke, si kufundishwa kipi safi kipi si safi. Ukimwambia mtoto sumu ya panya ni uongo, yeye ataskia "haina shida". Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wacha waogope.

FUNDI WA MAABARA: Niongeze kidogo. Kuna wanaoagiza kile kimaji cha kupimia dawa, cha Ehrlich, LSD inakigeuza zambarau, NBOMe haikigeuzi. Sawa, ila hakikwambii ni kiasi gani wala kuna nini kingine humo, kwa hivyo mtu asijidanganye kwamba amepima. Uholanzi wana mpango rasmi tangu 1992, mtu apeleka sampuli inapimwa kwa mashine, kikionekana kitu kibaya watu watangaziwa. Hapa kwa sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 ukishikwa nayo ni kesi, nani atapeleka? Na hili joto letu pia, LSD yaharibika kwa mwanga na joto. Haigeuki sumu, yapungua nguvu tu. Sasa mtu kazoea karatasi zilizopikika kwa dashibodi ya gari huko Likoni asema hizi maji tu, siku apate ambayo haijaharibika achukua mbili kwa mpigo.

KIJANA WA BAMBURI: ndo maana watu wahamia uyoga wa kulevya bro, ule ni wa asili haupikwi na mtu

MLETA MADA: Bro, ukiuona uyoga mzima sawa tubishane, ila mara nyingi wauzwa ukiwa kapsuli ama chokoleti. Marekani 2024 zaidi ya watu 170 waliugua baada ya kula chokoleti na peremende za aina moja zilizouzwa madukani kama za uyoga, makumi wakalazwa. Zilipopimwa kukapatikana muskimoli, na hiyo ni ya uyoga mwingine kabisa, si ule unaoufikiria wewe. Na si mambo ya leo, miaka ya 1970 maabara za huko zilikuwa zikipima uyoga wa mtaani zakuta ni ule wa kupikia chakula umetiwa LSD. Asili gani hapo.

Mamangu wa Kisauni, nakuheshimu na sijasema haina shida. Nasema tumwambie kijana hivi: hujui ni nini, hujui ni kiasi gani, aliyekuuzia hajui, na hapa hakuna pa kupima. Kwani hayo hayatishi? Na hapo kwenu Kisauni kuna kliniki ya methadone, dawa ya kuwasaidia waache heroini, mateja waenda kila siku kwa miguu yao, kwa sababu kuna mtu alikaa nao akawaambia mambo yalivyo.

MAMA WA KISAUNI: Na akizidiwa huko bichi, wenzake si wanakimbia?

MLETA MADA: Wakimbia, waogopa polisi. Hilo nalo ndo la kufundishwa: wasimwache peke yake, wamkimbize hospitali ya Makadara wamwambie daktari kila alichokula na saa ngapi, wasiseme tu "alikula LSD", waseme "aliuziwa kama LSD". Daktari atibu anachokiona, moyo na joto, si jina la karatasi.

MAMA WA KISAUNI: Hayo ya mwisho nakubali. Ya sumu ya panya bado. Kabla hujayapeleka kwa vijana njoo kwanza ukae na sisi akina mama, maswali tunayo.